Waokinawa: taifa, kabila au mkoa wa Japani?

Swali la kama Waokinawa ni Wajapani huulizwa mara nyingi kana kwamba lina jibu moja. Kisheria halina utata: Okinawa ni mmoja wa mikoa 47 ya Japani, wakazi wake zaidi ya milioni 1.4 ni raia wa Japani, wanapiga kura za bunge la Tokyo na watoto wao wanasomeshwa kwa Kijapani. Ukilitazama kwa upande wa lugha, jibu linageuka. Ukilitazama kwa upande wa historia, linageuka tena. Na ukimwuliza mwenyeji, huenda akakwambia kwamba yeye ni Uchinaanchu, mtu wa Okinawa, tofauti na Yamatunchu, jina wanaloitwa watu wa visiwa vikuu vya Japani, kisha akaongeza bila kuona mgongano wowote kwamba yeye pia ni Mjapani. Nitaanza na lugha, kwa sababu kwa maoni yangu hapo ndipo fundo lilipokazwa zaidi.

Kwanza ifutwe dhana kwamba watu hawa wanasema Kijapani chenye lafudhi ya kusini. Visiwa vya Ryukyu, ambavyo Okinawa ni kimojawapo, vimetandaa kutoka kusini mwa Kyushu, kisiwa kikuu cha kusini magharibi mwa Japani, hadi Yonaguni, kisiwa kilicho kilomita 110 hivi kutoka Taiwan, na katika safu hiyo yote kwa kawaida huhesabiwa lugha sita. Kaskazini kuna Kiamami, Kikunigami na Kiokinawa chenyewe, ambacho wenyeji hukiita Uchinaaguchi na ambacho ndicho kilichokuwa kikisemwa Naha, mji mkuu wa Okinawa, na Shuri, makao ya wafalme wa zamani; kusini kuna Kimiyako, Kiyaeyama na Kiyonaguni. Mwaka 2009 UNESCO iliziorodhesha zote sita miongoni mwa lugha zilizo hatarini kutoweka, mbili za mwisho zikiwa katika hali mbaya zaidi.

Uhusiano wa lugha hizi na Kijapani ni wa ndugu na ndugu. Kiokinawa hakikuzaliwa na Kijapani cha leo; vyote viwili vilitokana na lugha moja ya kale, na wanaisimu wengi wanaona kwamba njia zao ziliachana kabla ya karne ya 8, wakati maandishi marefu ya kwanza ya Kijapani yalipoandikwa. Undugu huo unasikika kwa mpangilio. Pale Kijapani kinapotumia irabu fupi e na o, Kiokinawa hutumia i na u: mvua ni ame kwa Kijapani na ami kwa Kiokinawa, moyo ni kokoro kwa Kijapani na kukuru kwa Kiokinawa. Silabi ki huwa chi, ndiyo maana jina Okinawa lenyewe hutamkwa Uchinaa. Huko Miyako na Yaeyama ua huitwa pana wakati Kijapani husema hana, na hapo visiwa vya pembezoni ndivyo vilivyohifadhi sauti ya zamani ambayo Kijapani kiliiacha. Mtu wa Unguja akishuka Ngazija husikia maneno mengi anayoyatambua, na bado mazungumzo ya sokoni yanampita. Mjapani wa Tokyo akiwasikiliza wazee wawili wa Naha wakizungumza Uchinaaguchi safi yumo katika hali hiyo hiyo. Hata mtu wa Naha na mtu wa Miyako, kila mmoja akishika lugha ya kwao, hawaelewani.

Basi kwa nini shuleni na serikalini lugha hizi zimeitwa lahaja kwa zaidi ya karne moja? Utafiti haukukosekana. Mwaka 1895 Basil Hall Chamberlain, Mwingereza aliyewahi kufundisha chuo kikuu cha Tokyo, alichapisha sarufi ya Kiokinawa iliyoonyesha undugu wake na Kijapani kwa ushahidi wa sauti na vitenzi. Iha Fuyu, mzaliwa wa Naha anayehesabiwa kuwa baba wa taaluma ya utafiti kuhusu Okinawa, alitumia maisha yake kuchambua nyimbo za kale za ufalme wa Ryukyu zilizokusanywa kati ya 1531 na 1623 katika mkusanyo uitwao Omoro Soshi. Kilichoamua jina la lugha ni jinsi visiwa hivyo vilivyoingizwa katika dola ya Japani, na hapo hatuna budi kurudi nyuma karne kadhaa.

Mwaka 1429 Sho Hashi aliunganisha falme tatu zilizokuwa zikigombea kisiwa kikuu, na Shuri ikawa makao ya ufalme wa Ryukyu uliodumu miaka 450. Ufalme huo haukuwa na ardhi kubwa wala madini; utajiri wake ulikuwa bandari ya Naha. Tangu 1372 mmoja wa watawala wa kisiwa hicho alikuwa ameanza kupeleka tunu kwa mfalme mkuu wa China wa nasaba ya Ming, na kwa utii huo watu wake walipata nafasi ya kufanya biashara na China wakati ambapo wafanyabiashara wa China wenyewe walikuwa wamekatazwa kusafiri nje kwa hiari yao. Meli za Ryukyu zilifika Korea, Siam, Malacca, Patani na Java, zikipeleka hariri na vyombo vya kaure na kurudi na pilipili na miti ya kutia rangi. Kengele iliyosubiwa mwaka 1458 kwa ajili ya kasri la Shuri ina maandishi yanayojivuna kwamba ufalme huo, kwa merikebu zake, ni daraja la mataifa yote.

Mwaka 1609 mambo yaligeuka. Ukoo wa Shimazu, watawala wa Satsuma kusini mwa Kyushu, ulituma askari wapatao 3,000 wenye bunduki, ukamteka mfalme Sho Nei na kumpeleka Japani, ukamrudisha mwaka 1611 baada ya kumlisha kiapo cha utii. Visiwa vya Amami vilichukuliwa moja kwa moja. Ufalme uliobaki haukufutwa, na sababu yake ni ya kibiashara: China isingefanya biashara na Satsuma, lakini ilifanya na Ryukyu, kwa hiyo faida ilihitaji Ryukyu iendelee kuonekana huru.

Yaliyofuata ni maigizo ya dola nzima, yaliyodumu zaidi ya karne mbili na nusu. Kila mfalme mpya alipotawazwa, China ilituma wajumbe na msafara wa mamia ya watu waliokaa Naha kwa miezi. Kabla ya meli zao kufika, maofisa wa Satsuma walihamishwa hadi kijiji cha Gusukuma huko Urasoe, mbali na macho ya wageni. Sarafu, kalenda na vitabu vya Kijapani viliondolewa, na watu walielekezwa kwamba wakiulizwa bidhaa za Kijapani zimetoka wapi wavitaje visiwa vya Tokara, visiwa vidogo vya jirani upande wa kaskazini. Mwaka 1719, kwa ajili ya kuwaburudisha wajumbe kama hao, Tamagusuku Chokun alibuni kumi odori, tamthilia ya nyimbo na ngoma inayochezwa hadi leo. Upande wa pili, kati ya 1634 na 1850 Ryukyu ilipeleka misafara 18 kwa shogun, mtawala wa kijeshi wa Japani, na katika misafara hiyo Satsuma ilisisitiza kinyume chake: wajumbe wavae na kupiga muziki kigeni kabisa, ili kila mtu njiani aone kwamba ukoo wa Shimazu una mfalme wa nchi ya nje chini yake. Kwa Wachina, Waryukyu walitakiwa kuficha kila kilicho cha Kijapani. Kwa Wajapani, walitakiwa kuonyesha kwamba wao si Wajapani. Sijui mfano mwingine ulio wazi kama huu wa watu kuamriwa wawe nani kwa kutegemea nani anawatazama.

Serikali mpya ya Meiji, iliyochukua nafasi ya utawala wa shogun, haikuwa na haja ya maigizo hayo. Mwaka 1872 iliubadilisha ufalme kuwa jimbo, na mwaka 1879 ikatuma polisi na wanajeshi Shuri, ikamwondoa mfalme wa mwisho, Sho Tai, na kutangaza mkoa wa Okinawa. China ilipinga. Katika mazungumzo ya 1880 Japani ilikubali kuiachia China visiwa vya Miyako na Yaeyama ili nayo ipate haki pana zaidi za biashara ndani ya China. Mapatano hayo hayakutiwa saini na China, na suala likazikwa na ushindi wa Japani katika vita vya 1894 na 1895. Anayedai leo kwamba visiwa hivyo vilikuwa sehemu ya Japani tangu enzi na enzi anapaswa kueleza ni kwa namna gani Tokyo ilikuwa tayari kuvigawa miaka 140 na ushei iliyopita.

Baada ya hapo ikaja kazi ya kuwafanya wenyeji Wajapani. Mwaka 1898 walianza kuandikishwa jeshini. Mwaka 1899 ilipigwa marufuku hajichi, michoro ya wino ya rangi ya buluu nyeusi waliyochanjwa wanawake vidoleni na migongoni mwa viganja kama alama ya utu uzima. Majina ya ukoo yaliyokuwa yakisomwa Kanagusuku yakaanza kusomwa Kinjo au Kaneshiro. Shuleni kilitumika kibao cha mbao kilichoitwa hogen fuda: mwanafunzi aliyesikika akisema lugha ya nyumbani alivishwa shingoni, naye alikivua kwa kumnasa mwenzake katika kosa lile lile, na aliyebaki nacho jioni ndiye aliyeadhibiwa. Wasomaji wengi waliosoma Kenya hawahitaji kuelezwa zaidi. Ubaya wa kibao hicho ulizidi ule wa fimbo, kwa sababu kiliwafanya watoto wenyewe kuwa walinzi wa marufuku.

Itakuwa kosa, hata hivyo, kusimulia haya kana kwamba Tokyo ilisukuma tu na Waokinawa walisukumwa tu. Mwaka 1903, katika maonyesho ya Osaka, wanawake wawili wa Okinawa waliwekwa katika banda la kuonyesha watu, pamoja na Waainu, wenyeji wa asili wa kaskazini mwa Japani, na wenyeji wa asili wa Taiwan. Magazeti ya Okinawa yaliwaka hasira, lakini sehemu kubwa ya hasira hiyo ilikuwa kwa nini Waokinawa wamechanganywa na makabila yale. Mwaka 1940 Yanagi Soetsu, mwanzilishi wa harakati za sanaa za mikono za Japani, alikosoa hadharani kampeni ya mkoa ya kulazimisha Kijapani sanifu, akisema lugha ya kisiwa ni hazina. Maofisa wa mkoa walijibu kwamba msomi mgeni anaweza kuipenda lugha hiyo kwa sababu si yeye atakayenyimwa kazi kwa ajili yake. Jibu hilo lilikuwa na uzito: umaskini wa miaka ya 1920 ulikuwa umewasukuma maelfu ya Waokinawa kwenda viwanda vya Osaka, ambako walikutana na nyumba za kupanga zilizokataa waziwazi Wakorea na Waryukyu. Yanagi alikuwa sahihi kuhusu lugha, na wazazi walikuwa sahihi kuhusu mshahara.

Kisha vita. Majeshi ya Marekani yalitua kisiwa kikuu tarehe 1 Aprili 1945, na mapigano yaliendelea hadi mwishoni mwa Juni. Zaidi ya watu 200,000 walikufa, zaidi ya nusu yao wakiwa Waokinawa, takriban mmoja kati ya kila wenyeji wanne. Mwezi huo wa Aprili amri ya jeshi la Japani kisiwani ilieleza kwamba mtu yeyote atakayesema Kiokinawa atahesabiwa kuwa mpelelezi na kuadhibiwa. Wapo raia waliouawa na askari wa upande wao kwa tuhuma hiyo, na wapo waliolazimishwa kujiua kwa makundi wasije wakatekwa. Kumbukumbu hizi ndizo zinazowatofautisha Waokinawa na Wajapani wengine hata pale ambapo lugha imekwisha kupotea.

Utawala wa Marekani, uliodumu hadi 1972, ulileta kinaya ambacho maelezo mengi hukiruka. Wamarekani walipenda jina la Ryukyu: serikali ya wenyeji waliyoiunda na chuo kikuu kilichofunguliwa mwaka 1950 vyote viliitwa kwa jina hilo, kwa matumaini kwamba wenyeji wakijiona taifa tofauti hawatadai kurudi Japani. Wenyeji, wakichoshwa na ardhi zao kutwaliwa kwa ajili ya kambi za kijeshi, walifanya kinyume. Walimu ndio waliokuwa mstari wa mbele wa harakati za kurudi, na kwao Kijapani safi darasani kilikuwa tendo la upinzani. Kibao cha shingoni kiliendelea kutumika katika baadhi ya shule chini ya bendera ya Marekani, bila Tokyo kuamuru. Ni katika miaka ya 1950 ambapo wazazi wengi waliacha kusema na watoto wao lugha ya kisiwa nyumbani.

Okinawa ilirudi Japani tarehe 15 Mei 1972. Sarafu ya dola ya Marekani ikaondoka na yeni ya Japani ikarudi, lakini magari yaliendelea kupita kulia kwa desturi ya Kimarekani kwa miaka sita zaidi, hadi alfajiri ya tarehe 30 Julai 1978, ambapo mkoa mzima ulihamia upande wa kushoto kwa mpigo, mabasi mapya yenye milango upande wa pili yakiwa yameandaliwa tayari. Kambi hazikuondoka. Mkoa huu ni asilimia 0.6 ya ardhi ya Japani, nao unabeba takriban asilimia 70 ya ardhi yote inayotumiwa na majeshi ya Marekani pekee nchini humo. Katika kura ya maoni ya Februari 2019 takriban asilimia 72 ya waliopiga kura walikataa ujenzi wa kambi mpya kwenye bahari ya Henoko, na ujenzi uliendelea. Gavana Onaga Takeshi alipohutubia mkutano wa hadhara mwezi Mei 2015, alimaliza kwa Kiokinawa, akisema kwamba Waokinawa wasidharauliwe, na umati ukasimama. Lugha iliyokuwa aibu ya shuleni ilikuwa imegeuka kuwa lugha ya madai.

Utamaduni wa visiwa hivi unasomeka vizuri zaidi ukikumbuka ile bandari. Sanshin, ala ya nyuzi tatu isiyokosekana kwenye shughuli yoyote, ilitoka China na huwambwa ngozi ya chatu, mnyama asiyepatikana kiasili visiwani humo. Awamori, pombe kali ya kienyeji, hutengenezwa kwa mchele wa Thailand. Mwani mpana uitwao kombu hauoti katika bahari ya joto ya Okinawa, lakini umo katika mapishi ya kila nyumba, kwa sababu ulipitia Naha kwa karne nyingi ukitoka Hokkaido kwenda kuuzwa China. Karate, ambayo vijana wa Dar es Salaam na Nairobi huihesabu kuwa ya Kijapani, ilikuzwa Okinawa kutokana na mapigano ya kienyeji na ya China, na ilianza kujulikana Tokyo baada ya Funakoshi Gichin kuionyesha huko mwaka 1922.

Kilicho cha pekee zaidi ni dini. Katika imani ya kale ya Ryukyu, nguvu ya kiroho ni ya mwanamke, na dada ndiye mlinzi wa kaka yake. Mfalme Sho Shin, aliyetawala kuanzia 1477 hadi 1526, aliigeuza imani hiyo kuwa taasisi: kila kijiji kilikuwa na kuhani wa kike, noro, na juu yao wote alikuwa kuhani mkuu, mwanamke wa ukoo wa mfalme, aliyetawazwa katika msitu mtakatifu wa Sefa-utaki ambamo wanaume hawakuruhusiwa kuingia. Mahekalu hayakuhitajika, msitu, jiwe na kisima vilitosha. Hadi leo, majira ya Aprili, familia hukusanyika mbele ya makaburi makubwa ya ukoo, mengine yenye paa la umbo la gamba la kobe, hutandika mikeka, hupakua nyama ya nguruwe na mikate ya mchele, hula pamoja na wahenga wao na hupiga soga hadi alasiri. Sikukuu yenyewe asili yake ni China. Ukaribu ule na wafu wenyeji wameufanya wao.

Maneno yote haya ya "Waokinawa" yanaficha jambo moja ambalo watu wa Naha wenyewe hulisahau. Miyako na Yaeyama hazikujiunga na ufalme kwa hiari. Mwaka 1500 Shuri ilituma jeshi kuuzima uasi wa Oyake Akahachi wa Yaeyama, na kuanzia 1637 wakazi wa visiwa hivyo walitozwa kodi ya kichwa, wanaume kwa nafaka na wanawake kwa nguo za kufuma, kodi iliyofutwa mwaka 1903 tu, miongo miwili na zaidi baada ya ufalme kufa. Mtu wa Miyako hajiiti Uchinaanchu. Watu wa Amami, wanaosema lugha ya familia hiyo hiyo, wamo katika mkoa wa Kagoshima.

Ndiyo maana suala la watu wa asili ni gumu kuliko linavyoonekana Geneva, kwenye kamati za Umoja wa Mataifa. Mwaka 2008 Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa iliitaka Japani iwatambue Waokinawa kuwa jamii ya asili, kama ilivyokuja kuwatambua Waainu kwa sheria ya 2019. Serikali inakataa, na Waokinawa wenyewe hawasemi kwa sauti moja: wapo wanaoona utambuzi huo kuwa njia ya kudai ardhi na lugha, na yapo mabaraza ya mitaa yaliyopitisha maazimio ya kuukataa, kwa hofu ya kufanywa tena raia wa daraja la pili. Vizazi vya waliohama kwenda Hawaii tangu 1900 na Brazili tangu 1908 huwa na ujasiri zaidi. Tangu 1990 maelfu yao hukusanyika Naha kila baada ya miaka michache katika tamasha la Uchinaanchu wa dunia nzima, na kwao Okinawa ndiyo nchi ya mababu, Japani ni ya pili.

Mwaka 2006 mkoa ulitangaza tarehe 18 Septemba kuwa siku ya shimakutuba, usemi wa kisiwani, jina ambalo naona lilichaguliwa kwa busara kwa kuwa linakwepa ugomvi wa lugha na lahaja. Vijana wengi leo husema Kijapani kilichotiwa maneno na lafudhi ya Okinawa, na wageni hudhani hicho ndicho Kiokinawa. Ugomvi uliobaki ni wa ndani. Wanaotaka usanifishaji wanasema kwamba bila kuchagua usemi mmoja, wa Shuri na Naha, hakutakuwa na vitabu wala walimu wa kutosha. Watu wa Miyako na Yaeyama wanajibu kwamba mtoto wa Yonaguni, kisiwa chenye wakazi wasiofika 2,000, akifundishwa usemi wa Shuri atakuwa amejifunza lugha nyingine ya mji mkuu, safari hii ya ule uliowatoza kodi ya kichwa, na lugha ya bibi yake itabaki bila mrithi.